Kuzunguka visiwa vya Ssese wawili na mbwa wenu, hatua kwa hatua

Kila nikiweka picha ya mbwa wetu Popi amekaa mbele ya boti na lile jaketi lake la kuelea la rangi ya machungwa, meseji zinaanza, dada mlimpitishaje, dada hoteli zinakubali, dada hakuruka majini? Basi naandika yote hapa ili nikiulizwa tena natuma linki tu. Visiwa vyenyewe viko Ziwa Victoria upande wa Uganda, na mimi na bwana yangu tunatoka Entebbe na boti ya mbao yenye injini ya nyuma, na kitu kimoja nataka ukielewe kabla ya yote: safari ya Ssese ukiwa na mbwa haipangwi kwa hoteli. Inapangwa kwa upepo na kwa mbwa, hoteli inafuata nyuma huko. Visiwa viko 84, usitake kuviona vyote, chagua vitatu vinne na siku nne tano, tena acha siku moja tupu kwa ajili ya hali ya hewa maana ziwa halina haraka zako.

Hatua ya 1: sindano na karatasi

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe bado hai, na kadi yenyewe uwe nayo mkononi, picha ya kwenye simu haitoshi kwa sababu simu inaweza kuzima au kulowa. Pita pia kwa daktari wa mifugo wa wilaya umuulize karatasi ya kusafirisha mnyama, ni mambo ya dakika chache, na ukikutana na mtu wa kukagua mwaloni, pale boti zinapofikia, unamwonyesha mnaagana vizuri.

Hapo hapo kwa daktari ongelea kupe na mbung'o. Kupe kila mtu anawajua ila mbung'o watu wanasahau, na visiwani bado wapo. Si hadithi za zamani tu, mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, iliua watu wengi sana kwenye hivi visiwa mpaka serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki, vikakaa bila watu. Mbwa pia anapata ugonjwa wa mbung'o, homa, tezi zinavimba, macho yanaingia ukungu. Daktari atakupa dawa ya kupaka au kola. Na rangi ina maana jamani, mbung'o anapenda bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, kwa hiyo usimvalishe mbwa jaketi la bluu halafu ushangae anavyoumwa.

Hatua ya 2: mzoeshe boti ikiwa bado nchi kavu

Wiki mbili hivi kabla ya safari mpeleke ufukweni, boti ikiwa imevutwa juu ya mchanga, mpandishe, mpe kitu anachopenda, mshushe. Siku nyingine mpandishe na injini iwe inanguruma karibu. Siku nyingine sukumeni boti majini mzunguke kidogo tu karibu na ufuko mrudi. Mbwa anayeogopa injini ukimlazimisha siku ya safari ataruka, na akiruka mtu wa kwanza kumfuata majini bila kufikiri ni wewe.

Mfundishe na choo. Beba kipande cha jamvi la zamani ambacho ameshakikojolea nyumbani (ndiyo, kibaya, kifunge kwenye kavera, yani mfuko wa plastiki) ukitandike kwenye kona ya nyuma. Akikisikia harufu anaelewa. Wengine wanakataa kabisa kujisaidia kwenye boti, hao inabidi mpange kusimama kisiwani kila baada ya saa mbili.

Hatua ya 3: jaketi na kamba

Jaketi la mbwa liwe na mpini mgongoni, imara, kiasi kwamba ukilishika unamwinua mbwa mzima kutoka majini. Madukani ni shida kulipata, sisi tulimpa fundi cherehani turubai, povu gumu na mikanda ya begi la shule, akashona. Kabla ya kuliamini mwingize mbwa kwenye maji ya kiunoni, mwache aelee, angalia kichwa kinakaa juu au jaketi linampindua.

Sasa hapa naomba usome mara mbili. USIMFUNGE MBWA KWENYE BOTI ikiwa inatembea. Naona watu wanafunga kamba kwenye ubao wanasema asije akaruka, sasa boti ikipinduka mbwa anakwenda nayo chini na jaketi lake. Mmoja wenu anashika kamba fupi kwa mkono, basi, na kamba iwe kwenye mikanda ya kifuani, isiwe shingoni. Sisi kazi tumegawana, mwenye usukani hamgusi mbwa na mwenye mbwa hagusi usukani, hata mkiwa mnagombana nani alisahau chapati nyumbani.

Hatua ya 4: boti yenyewe

Kama hamna boti, kodini ya kwenu peke yenu na nahodha wake pale Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe. Usimchanganye mbwa na abiria kwenye ile mitumbwi mikubwa ya kila siku, kuna watu wanaogopa mbwa kwelikweli, kuna ambao kidini hawataki mate yake yawaguse, na mle ndani magoti yamebanana na magunia, mtu hana pa kusogea. Si haki kwao wala kwa mbwa.

Ukiikagua boti usiangalie rangi, inama uangalie sakafuni. Maji kidogo ni kawaida ya boti ya mbao, ila kama kuna kijana kazi yake ni kuchota tu toka mko mwaloni, shukeni. Urefu usipungue futi 28, hizo fupi zinarushwa na mawimbi, na wanajeshi wanaolinda ziwa toka 2017 hawana urafiki na boti fupi. Majaketi yawepo ya watu wote na yavaliwe, sio kukaliwa. Novemba 2018 boti ya starehe inaitwa MV Templar ilizama upande wa Mukono, sio mbali na ufuko, wakafa zaidi ya watu 30. Ilikuwa imejaza kupita kiasi na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Mtu akikuambia mama mimi ziwa hili nalijua, mwambie sawa, vaa.

Mafuta nunueni bara, kisiwani bei inapanda na huwezi kujua yamechanganywa na nini. Injini nyingi za hizi boti zinachanganya petroli na oili 50 kwa 1, yani jerikeni ya lita 20 inataka oili mililita 400, lakini soma kitabu cha injini yako kwanza. Jerikeni zikae nyuma, mbwa akae mbele, mvuke wa petroli unamlevya kabla yako kwa sababu pua yake iko chini huko huko.

Hatua ya 5: saa ya kuondoka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mko kwenye maji. Mchana upepo wa ziwani unaamka na mawimbi yanaanza kuvunjika vichwa vyeupe, na mkikutana nayo katikati mbwa anatapika, wewe unatapika, mapenzi yanapungua. Lakini asubuhi nayo ina mtego wake, kwenye ziwa hili mvua za radi zinapenda kujikusanya usiku na kufika Entebbe alfajiri, kwa hiyo kabla hujasukuma boti simama uangalie kusini. Ukiona kuna ukuta mweusi umekaa juu ya maji, rudini mkanywe chai, upite. Miezi ya mvua nyingi ni Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba. Juni mpaka Agosti mvua ni chache ila upepo wa kusini unapiga, mi napenda zaidi Desemba mwishoni mpaka Februari.

Chakula cha mbwa mpe usiku, asubuhi maji tu na kipande kidogo. Atakula mkifika.

Hatua ya 6: njia

Mkitoka Entebbe kuelekea kusini mnavuka ikweta dakika chache tu baadaye, fungua ramani ya simu uone namba zinavyoshuka mpaka sifuri halafu zinaanza kupanda upande wa pili, wapenzi wanapenda kupiga picha hapo japo ni maji matupu.

Ngamba mnaipita, hamshuki na mbwa. Ni kisiwa cha sokwe waliookolewa, kituo kilianza 1998, na sokwe na mbwa wa nyumbani hawatakiwi kukutana, magonjwa tu yanatosha kuwa sababu. Kama mnataka kuwaona sokwe fanyeni siku nyingine mbwa akiwa kwa bibi.

Nendeni Bukasa mlale huko, kisiwa kikubwa, msitu mzuri, watu wachache, mbwa anatembea mpaka anachoka mwenyewe. Kesho yake vukeni kuelekea magharibi. Njiani kuna Bubembe, kisiwa kidogo ila kizito, ndiko hekalu la Mukasa liliko, mungu wa ziwa kwa watu wa Buganda, na ziwa lenyewe wao wanaliita Nalubaale. Mkitaka kushuka mtafuteni mzee wa pale kwanza, msalimieni vizuri, muulize wapi panafaa na wapi hapafai, na mbwa abaki kwenye boti na mmoja wenu. Kuomba ruhusa hakumpunguzii mtu kitu.

Mwisho Bugala, ndicho kikubwa kuliko vyote, mnaingilia ghuba ya Lutoboka chini ya mji wa Kalangala. Barabara zipo, mashamba ya michikichi yako hekta kwa hekta, asubuhi ni mahali pazuri pa kumtembeza mbwa ila kwa kamba, tumbili wamejaa na mbwa akishaona tumbili hasikii jina lake tena.

Na Bugala ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Hali ya hewa ikiharibika hamlazimiki kurudi kwa boti. Kuna feri ya Luuku kwenda Bukakata upande wa Masaka, haina nauli, mnakodi gari, mbwa anakaa ndani ya gari mpaka mnavuka, boti inabaki kwa nahodha airudishe ziwa likitulia. Ile meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe, nayo ipo, ila mpigie mtu wa feri kabla umuulize ratiba na umuulize kama mbwa anaruhusiwa, usifike getini ukaanza kubembeleza.

Hatua ya 7: mkishuka mwaloni

Kamba mkononi KABLA mguu wa mbwa haujagusa mchanga. Sababu ni dagaa. Mwaloni kote kina mama wameanika mukene, ndo dagaa wenyewe, kwenye nyavu chini, na hiyo ndo ada ya shule, ndo kodi, ndo kila kitu. Niliwahi kuona mbwa wa wageni fulani kashuka anakimbia, kafika katikati ya dagaa za watu akajigaragaza mgongo chini miguu juu kwa raha zake zote, halafu kabla hajaitwa akainua mguu. Mwenye dagaa alisimama na ufagio wake hasemi kitu, wageni ndo wanacheka wanapiga picha! Walikuja kulipa dagaa za wavu mzima na bado haikuwa sawa, maana kijiji kizima kilikuwa kimeshawaona wakicheka. Ikitokea kwenu, usicheke, kimbia wewe uombe radhi, lipa bila kupigiwa hesabu.

Kingine mwaloni ni ndoano. Sangara wanavuliwa kwa kamba ndefu zenye ndoano nyingi na vipande vya chambo vinabaki mchangani na ndoano ndani yake, mbwa anameza akidhani ni bahati. Matumbo ya samaki yaliyotupwa nayo hivyo hivyo. Na mbwa wa pale pale wenyeji wa mwalo watakuja kumnusa mgeni, msiwaruhusu wasogee, hujui nani kachanjwa.

Hatua ya 8: maji

Popi anapenda kuogelea kuliko kula lakini hatumwachi kila mahali. Penye mafunjo na matete hapana, mamba wapo na viboko wapo, na alfajiri na jioni ndo kabisa. Uliza wavuvi, usiulize mhudumu wa hoteli. Pakiwa na utando wa kijani juu ya maji, hasa kwenye ghuba zilizotulia na karibu na miji, mbwa asiguse wala asilambe, ule utando unaweza kuwa na sumu na mbwa anakufa siku hiyo hiyo. Hata akiwa ameogelea penye maji safi mwoshe kwa maji ya jerikeni kwa sababu atajilamba manyoya yote. Maji ya kunywa bebeni ya kwake, mbwa mkubwa kwenye jua anamaliza lita mbili tatu kwa siku bila shida, na mtundikieni kipande cha turubai apate kivuli.

Hatua ya 9: kulala

Piga simu, usiandike meseji. Uliza mbwa analala ndani au nje, uliza kama wana mbwa wao wa ulinzi anayefunguliwa usiku (hili swali limetuokoa), uliza kama wanatega sumu ya panya. Anayejibu "njoo tu tutaona" usiende. Hema ndo rahisi zaidi, na taa izimeni mapema, kuna usiku vijidudu vya ziwani vinakuja mawingu kwa mawingu mpaka vinaingia kwenye posho, yani ugali.

Hatua ya 10: mkirudi

Siku hiyo hiyo mpapase mbwa mwili mzima, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kupe wanajificha huko. Mwangalieni macho na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akibadilika mwambie daktari alikuwa Ssese, neno hilo moja linabadilisha vipimo atakavyochukua. Na nyie mlioingia majini mkapime kichocho, ila msiende kesho yake, subirini kama wiki 6 mpaka 8 ndo kipimo kinaonyesha kitu. Dawa yake ni prazikwanteli, hospitali nyingi wanayo, mnameza baada ya kula vizuri kwa sababu inazungusha kichwa.