Somo: Kupima fibrinojeni inayonata kwenye plastiki ya polistireni

Damu ikigusa plastiki, protini hunata kabla chembe yoyote haijafika. Fibrinojeni ndiyo ya kuchungwa zaidi, maana chembe sahani hushika juu yake na donge la damu huanzia hapo. Tunaipima kwa kingamwili iliyounganishwa na kimeng'enya cha peroksidasi.

Andaa sahani ya polistireni yenye vishimo 96, fibrinojeni safi ya binadamu, albumini ya ng'ombe na bafa (mmumunyo unaotunza pH isibadilike) ya fosfati ya pH 7.4. Usitie azidi ya sodiamu kwenye bafa, inaua peroksidasi.

Hatua ya 1. Acha chupa ya fibrinojeni ifike nyuzi 37 kabla ya kuifungua. Tia maji ya chumvi 0.9% yenye joto hilohilo, iyeyuke yenyewe. Usitikise. Ukiona povu au vinyuzi vyeupe, protini imeharibika. Pima kwa mwanga wa nanomita 280: miligramu 1 kwa mililita husoma takriban 1.5.

Hatua ya 2. Bafa hutangulia. Weka mikrolita 50 za bafa kila kishimo, kisha mikrolita 50 za fibrinojeni yenye nguvu maradufu, ncha ya pipeti ikiwa imezama. Fibrinojeni hujikusanya pale maji yanapokutana na hewa na kufanya utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemshwa. Ukimimina kwenye plastiki kavu, utando huo hujibandika ukutani na wewe utaupima ukidhani ni protini iliyonata yenyewe. Vishimo vitatu viache bila fibrinojeni. Funika, nyuzi 37, saa moja.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: hupindua sahani na kuikung'uta, ule utando ukashuka na kubaki. Badala yake, ongeza mikrolita 200 za bafa, vuta 200, fanya hivyo mara 5. Kila mara hubaki theluthi moja, kwa hiyo mwishoni kilichobaki majini ni chini ya sehemu 1 kati ya 200. Sasa waweza kumwaga, ila vishimo visikauke.

Hatua ya 4. Ziba plastiki iliyobaki wazi kwa albumini, miligramu 10 kwa mililita, mikrolita 200, saa moja. Ukiruka hatua hii kingamwili itanata kwenye plastiki yenyewe, na vile vishimo vitatu vitageuka rangi.

Hatua ya 5. Kingamwili anza kwa kuizimua 1:5000 katika bafa yenye Tween 20 (aina ya sabuni) ya 0.05%, saa moja, suuza mara 5. Tia TMB (kemikali inayogeuka rangi ikikutana na peroksidasi) mikrolita 100, dakika 10, zuia kwa asidi ya salfuriki, soma nanomita 450. Tween isiingie kabla ya hatua hii. Hugombea uso na protini.

MASWALI

Mkuu, nimetumia mikrogramu 1 kwa mililita, nikaacha saa 4, usomaji bado mdogo. Kwa nini?

Ndugu, protini imekwisha. Mikrolita 100 zina mikrogramu 0.1 tu, na zinalowesha karibu sentimita 1 ya mraba, ambayo huweza kubeba mikrogramu 0.3 hadi 0.5. Anza na mikrogramu 10 kwa mililita.

Plazma nzima inanipa fibrinojeni kidogo kuliko plazma niliyoizimua. Nimekosea?

Hujakosea. Leo Vroman alilionyesha jambo hili Marekani miaka ya 1960: fibrinojeni hutua, kisha huondolewa na protini nyingine, hasa kininojeni kubwa. Ukizimua, waondoaji huwa wachache, nayo hukaa. Kwenye kioo huonekana wazi zaidi. Tumia plazma ya sitreti (chumvi inayozuia damu kuganda), si seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda. Seramu haina fibrinojeni.

Naweza kulinganisha polistireni na poliyurethani kwa usomaji huu?

Kwa uzito, hapana. Kingamwili huona sehemu ya protini iliyojitokeza tu. Fibrinojeni ikilala bapa kwenye polima moja na kusimama kwenye nyingine, rangi hutofautiana hata uzito ukiwa sawa. Ukitaka mikrogramu kwa sentimita ya mraba, tumia fibrinojeni iliyotiwa iodini 125, ambayo ni ya mionzi.