Kabla ya rula, waache wakadirie

Mwalimu unayefundisha vipimo, jaribu hili: kabla mwanafunzi hajagusa rula, mwambie akadirie urefu wa dawati na aandike makadirio yake. Ndipo apime. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo itakayomzoesha ukubwa halisi wa sentimita.

Kisha wape rula iliyovunjika, au kipande cha karatasi ulichokichora alama za sentimita kuanzia 3 hadi 15. Wapime penseli. Wengi watasoma namba ya mwisho tu: penseli imeanzia kwenye 3 ikaishia kwenye 11, wao wanajibu sentimita 11. Usiwasahihishe haraka! Waambie wahesabu nafasi zilizo kati ya alama, kidole kikipita juu ya kila moja, mpaka wafike 8 wenyewe. Hapo ndipo wanaelewa kwamba tunahesabu nafasi, si vistari. (Na kwenye rula nyingi sifuri haiko ukingoni kabisa, waonyeshe hilo pia.)

Kwa ujazo, chupa ya nusu lita na ndoo ya maji vinatosha. Wafanye wawili wawili, mmoja apime, mwenzake aandike, halafu wabadilishane.