Kuingia Shindano la Picha na Video za Krokei Ukiwa Mombasa

Krokei ni mchezo wa kupiga mipira kwa nyundo ndefu ili ipite kwenye matao yaliyochomekwa ardhini, na mpira wake una kipenyo cha milimita 92. Kwa vipimo rasmi, tao la chuma linalopitiwa na mpira huo huuachia nafasi ya milimita tatu hivi, na mashindano makubwa mengine huchezwa kwa nafasi isiyofika milimita moja. Picha ya krokei iko hapo. Mtu aliyesimama kwenye nyasi, nyundo begani, anatabasamu, ni picha nzuri ya kumtumia shangazi. Mwamuzi wa shindano la picha anayeujua mchezo ataipita, kwa sababu haimwonyeshi mpira unaenda wapi, nani ameuziba njia, na kama utapita au utagonga nguzo ya tao.

Kabla ya kugusa kamera, soma masharti ya shindano mpaka mwisho. Tafuta mambo manne: picha ziwe na pikseli ngapi upande mrefu, video isizidi sekunde ngapi, faili halisi litahitajika au la, na haki miliki inabaki kwa nani. Kumruhusu mwandalizi atumie picha yako kutangaza mchezo ni jambo la kawaida. Kumkabidhi haki zote hata kama hukushinda ni jambo jingine, na hapo ni afadhali upeleke picha usiyoililia.

Mchezo wenyewe

Aina iliyo rahisi kupiga picha ni krokei ya gofu. Kuna matao sita na kigingi kimoja katikati. Mipira ni minne, nayo hupigwa kwa zamu isiyobadilika: wa buluu, mwekundu, mweusi, wa manjano, kisha unarudi wa buluu. Kila zamu ni pigo moja. Buluu na nyeusi ni upande mmoja, nyekundu na manjano upande wa pili. Wote wanagombea tao lile lile. Mpira wa kwanza kupita unachukua pointi, kisha wote wanahamia tao linalofuata. Katika mchezo wa pointi 13, anayetangulia kufika 7 ameshinda. Ishike zamu hiyo ya rangi kichwani, maana ndiyo inayoangusha video nyingi, kama itakavyoonekana mbele.

Seti za bustani huwa na matao ya waya mwembamba, mapana kiasi kwamba mpira unapita kama mbuzi langoni. Picha inakosa mvutano wote. Dawa ni fundi wa kuchomelea. Mpe chuma laini cha mviringo cha milimita 16, si nondo yenye mikunjo, na vipimo hivi: sentimita 30.5 juu ya ardhi, angalau sentimita 20 za kuzama, na upana wa ndani uwe kipenyo cha mpira wako ukiongeza milimita tatu. Mipira ya bustani mara nyingi ni midogo kuliko ile rasmi, kwa hiyo upime kwanza, tena kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Paka matao rangi nyeupe ya mafuta siku hiyo hiyo, kwani hewa ya chumvi haisubiri. Kichwa cha tao la kwanza kiwe cha buluu na cha tao la tano kiwe chekundu. Mwenye macho atalitazama hilo kabla hajamtazama mchezaji.

Uwanja kamili ni mita 32 kwa 25.6, lakini nusu ya kila upande, yaani 16 kwa 12.8, inatosha kwa kamera. Matao manne ya pembeni yakae mita 3.2 kutoka kila mpaka ulio karibu. Mawili ya ndani yasimame kwenye mstari wa katikati unaokwenda na urefu wa uwanja, mita 3.2 kila upande wa kigingi. Yote yaelekee upande mmoja, ule wa urefu wa uwanja.

Nyasi au mchanga

Nyasi za krokei hukatwa chini ya sentimita moja. Ukoka wa pwani ukiachwa sentimita tatu, mpira unadunda na kupinda, na kwenye video ya mwendo wa polepole unaonekana kama unakwenda juu ya mawe. Ukikosa nyasi fupi, mchanga mgumu wa ufuoni maji yakipwa ni bora zaidi, nao unaipa kazi yako sura ambayo mshindani wa Uingereza hana. Ila ufuo una ratiba yake. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pwani ya Mombasa maji hupwa mno karibu saa 4 asubuhi, jua likiwa tayari kali. Kwa kuwa kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, rudi nyuma siku chache kabla ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, utapata maji yamepwa mapema asubuhi huku jua likitokea baharini. Jioni fuo za Nyali na Bamburi hazifai sana, kwani ufuo unaelekea mashariki na vivuli vya minazi na majengo hufika mchangani mapema. Angalia jedwali la maji kabla ya kupanga siku, na siku ya kazi msisubiri maji yajae ndipo mkusanye matao.

Mwanga

Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni jua liko juu: macho ya mchezaji yanakuwa mashimo meusi chini ya kofia na kivuli cha mpira kinajificha chini ya mpira wenyewe. Piga kati ya saa 12 na nusu na saa 2 na nusu asubuhi, au uwanjani kuanzia saa 10 na nusu jioni. Usingoje machweo marefu, hapa giza huingia upesi.

Wachezaji wa krokei kwa desturi huvaa nyeupe, na kanzu hufanya kazi ile ile. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wenye ngozi nyeusi unapotea. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie ili mwanga ufungwe hapo, kisha shusha mwanga kidogo mpaka mikunjo ya nguo irudi. Kwenye kamera piga RAW, yaani faili ambalo kamera haijalichakata.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi itafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa ipate joto la nje. Kuifuta hakusaidii, ukungu unarudi, na safari hii na mchanga.

Picha

Weka kamera chini, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, mita mbili kutoka kwenye tao, upande mpira unakotokea, lakini pembeni kwa nyuzi 30 hivi. Usikae kwenye mstari wa pigo: mpira rasmi una gramu 454, na lenzi haitapona. Funga fokasi kwenye tao, kasi ya shata iwe 1/1600 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 hadi 800 kwa jua la asubuhi, na upige kwa mfululizo kuanzia nyundo inaposhuka. Ukiona mpini wa nyundo umepinda kama upinde, si kosa la mchezaji. Shata ya kielektroniki husoma picha mstari baada ya mstari, na nyundo inasogea kabla haijamaliza. Rudi kwenye shata ya kawaida kwa mapigo ya nguvu, uiache ile ya kimya kwa mapigo ya taratibu.

Jua likiwa chini kivuli chako ni kirefu. Kisiguse mpira wala mguu wa mpigaji, na ukiwa mbele ya macho yake usisogee mpaka apige. Picha ya mshindwa anayeutazama mpira wake umekwama katikati ya tao mara nyingi inaishinda ya mshindi.

Video

Piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Kwa jua la Mombasa ukitaka f/4 kwenye ISO 100 utahitaji kichujio cha ND32, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, vinginevyo kila kitu kitaungua kuwa cheupe. Mpira kupita taoni upige kwa fremu 120. Ukichezeshwa kwa 25 unakuwa polepole karibu mara tano, na hiyo inatosha.

Kosa kubwa liko kwenye uhariri. Ukibandika pigo la mpira mwekundu baada ya mweusi kwa sababu linapendeza, mwamuzi anajua umechanganya zamu. Andika kila pigo kwenye daftari: rangi, namba ya tao, matokeo. Mlio wa nyundo kwenye mpira ni nusu ya video. Kusi au kaskazi ikivuma itaufunika, kwa hiyo funika maikrofoni kwa sponji na urekodi mapigo kumi ya ziada ukiwa karibu, umekinga upepo. Muziki wa taarabu bila idhini ya mwenye haki unaweza kukutoa shindanoni. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Kila anayetambulika asaini karatasi ya ridhaa. Kwa mtoto, asaini mzazi au mlezi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa hiyo ya mzazi au mlezi.

Kutuma

Usipitishe picha WhatsApp kama picha, inabanwa. Itume kama hati, au tumia fomu ya shindano. Ondoa jina lako lililoandikwa juu ya picha, lakini usifute taarifa za kamera zilizo ndani ya faili. Sekunde 90 za video ya 4K kwa megabiti 50 kwa sekunde ni kama MB 560, basi hesabu bando mapema.

Angalia pia saa. Mwisho ukiwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za London, Mombasa ni saa 9 kasoro dakika moja usiku wakati wa baridi yao, na saa 8 kasoro dakika moja wakati wa kiangazi chao. Tuma siku moja kabla, hifadhi ujumbe wa kupokelewa, na usifute faili halisi mpaka matokeo yatangazwe, kwa sababu wanaokaribia kushinda ndio huombwa.