Kuanzisha kikundi cha basuni Lamu, tuanzie wapi?

Basuni, ile ala ndefu ya mbao ya kupuliza, isiwatishe jamani, ni kama zumari yetu tu, zote zapigwa kwa ulimi wa pande mbili (kile kipande cha tete cha kupulizia), ila bomba lake ukilinyoosha lafika kama mita mbili na nusu, kwa hivyo mtoto mdogo mtafutie zile ndogo za kujifunzia. Huo ulimi wa tete uloweke dakika chache kwa maji ya kunywa (si ya bahari, kuna mtu alijaribu!) ndo upulize. Wapigaji wanne watosha kuanza. Asosikia mkalishe karibu ashike mbao ahisi mtetemo, asoona ajifunze kwa sikio ama noti za breli. Na msikopi nyimbo za Ulaya tu, tungeni zenu, hata mdundo wa chakacha waingia. Mkimaliza pangusa ndani, unyevu wa huku waozesha mbao.