Milano: kata tiketi ya Karamu ya Mwisho kwanza, hoteli baadaye

Ukishaamua kwenda Milano, tafuta kwanza tiketi ya Karamu ya Mwisho, mchoro wa Leonardo da Vinci ulio ukutani katika ukumbi wa kulia wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Tiketi huisha mapema mno, na Jumatatu hapafunguliwi. Watu huingizwa wachache wachache, dakika 15 basi. Ukali huo una sababu. Leonardo alichora juu ya lipu kavu, rangi ikaanza kubanduka angali hai. Mwaka 1943 bomu likaubomoa ukumbi, ukuta wenye mchoro ukanusurika kwa kukingwa na mifuko ya mchanga. Leo unapita mlango hadi mlango, mmoja ufungwe ndipo mwingine ufunguke, vumbi na unyevu visipenye. Tiketi hubeba jina lako, hivyo nenda na pasipoti, na uwahi.

Tarehe ikipatikana, panga mengine. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inayoombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Wiki za mitindo za Februari na Septemba, na maonyesho ya samani ya Aprili, hupandisha bei za vyumba vibaya sana. Kama hayakuhusu, yakwepe. Katikati ya Agosti nako, maduka mengi madogo hufungwa, wenyeji wako likizo.

Uwanja wa ndege wa Malpensa uko mbali, kama kilomita 50, ila treni inakufikisha mjini. Kwenye metro, treni za chini ya ardhi, gusisha kadi ya benki getini ukiingia, na kadi hiyohiyo ukitoka.

Duomo, kanisa kuu lililoanza kujengwa 1386, mabega na magoti lazima yafunikwe; mtandio mwepesi mkobani unatosha. Usiondoke bila kupanda paani. Ngazi ni nafuu kuliko lifti, na kule juu unatembea katikati ya minara ya marumaru, sanamu za watakatifu zikiwa karibu kiasi cha kuona mikunjo ya nguo zao. Vaa viatu visivyoteleza. Chini uwanjani, atakayetaka kukufunga uzi mkononi au kukutilia mahindi ya njiwa kiganjani atadai hela. Mwambie hapana na uendelee na safari.

Kahawa inywe kaunta, umesimama kama wenyeji. Ukikaa mezani, bei mara nyingi hupanda.