Mfuate mkuu wa idara kabla tangazo la kazi halijatoka

Nafasi nyingi zinazokaa wazi miezi na miezi huharibika siku ile ombi la mkuu wa idara linapofika kwako, afisa ajira: "Natafuta mtunza stoo, shahada, uzoefu miaka 5, haraka." Ukilitangaza lilivyo, utapokea rundo la wasifu na mkuu wa idara atawakataa wote.

Hatua ya 1: Nenda anakofanyia kazi. Usimwite ofisini kwako. Muulize: "Mkuu, mtu huyu akishamaliza miezi 3, nikija hapa nitaona nini kimebadilika?" Mkuu mmoja wa ghala alikuwa ameniambia, "Dada, nataka mchapakazi tu." Swali hilo lilimnyamazisha. Akanipeleka kona ya nyuma, akainua mzigo mpya. Chini yake zilikuwepo katoni za maziwa ya unga zilizokwisha muda. Kadi ya stoo ilisema katoni 40. Tulihesabu pamoja, tukapata 31. Kumbe alihitaji mtu wa kuhakikisha kilichoingia kwanza kinatoka kwanza, na kadi inalingana na rafu. Shahada hatukuitaja tena.

Hatua ya 2: Andikeni pamoja masharti ya lazima, yasizidi manne. Kwa kila sharti muulize: asipokuwa nalo, kazi itakwama wapi? Likikosa jibu, lifuteni. Akisema "awe kijana, tena mwanamume", mweleze kwa heshima kwamba kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri, jinsia, kabila, ujauzito au ulemavu, na inamlinda hata mwombaji kazi. Usilionee haya jambo hili. Unamkinga yeye na kampuni.

Hatua ya 3: Pangeni tarehe za usaili kabla ya kutangaza, na aziweke kwenye kalenda yake mbele yako.

Hatua ya 4: Mpelekee wasifu 3 mapema. Siku chache baada ya tangazo, chagua mmoja anayefaa, mmoja wa mashaka na mmoja asiyefaa. Sikiliza sana anachosema juu ya yule wa mashaka, maana hapo utajua anachokitaka kweli, na bado una muda wa kurekebisha uchujaji.

Hatua ya 5: Kwenye usaili, kila msaili ajaze alama zake kabla ya yeyote kusema neno. Mkuu akitangulia kusema "huyu nimempenda", wengine watamfuata. Na wape wasailiwa kazi halisi: sisi tuliwapa rafu moja na kadi yake, wakahesabu.

Hatua ya 6: Msimwache aliyechaguliwa peke yake. Kwa Tanzania, anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28 anakotoka, na huko watambembeleza abaki. Mwombe mkuu wa idara ampigie simu mwenyewe. Mtunza stoo wetu aliniambia baadaye kwamba aliahidiwa nyongeza ya mshahara wiki hiyohiyo, akaikataa kwa sababu mkuu wake mpya alishampigia kumuuliza rafu za kona ya nyuma angezipangaje.