SOMO: Kujenga chumba cha kulala juu ya pikapu, cha kupandisha na kushusha

Wakuu, habari za siku. Mlioulizia ile Hilux yenye kichumba mgongoni, somo ndilo hili. Gari ni ya kebini moja. Kazi tumeifanyia Arusha, mimi na fundi wa kuchomelea, kila wikiendi kwa miezi miwili.

1. Vipimo na uzito. Hapa msikimbie. Bodi langu (sehemu ya mizigo) lina urefu wa mita 2.3 hivi, lakini kati ya matuta ya matairi upana ni kama mita 1.1 tu. Godoro la futi 4 kwa 6 halienei pale chini. Basi kitanda kinapanda juu ya matuta, na chini yake unapata stoo ya bure.

Gari la aina hii linabeba kama tani moja, na wengi wakisikia tani wanaona wameruhusiwa kila kitu. Toa watu wawili, madumu matatu ya maji (kilo 60 hizo), betri, gesi na mabegi. Mimi nilijiwekea kilo 300 kwa chumba kitupu. Karatasi moja ya plaiwudi ya mm 18 ina karibu kilo 30, ya mm 6 kama kilo 10. Fundi atakushawishi uweke ya 18 "iwe ngumu". Mkatalie. Ugumu unatoka kwenye fremu.

2. Fremu. Skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) ya inchi 1, unene mm 1.5. Kila kona iwe na kipande cha mshazari. Bila hicho, ukipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vidogo vya barabarani) utaisikia inalia. Usichomelee chochote kwenye gari lenyewe.

3. Sakafu na kuta. Sakafu mm 12, kuta mm 6 nje na ndani. Katikati nilijaza yale maboksi ya foam, meupe mepesi, yanayofungiwa televisheni. Yanazuia joto na hayana uzito.

4. Paa. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilitumia karatasi mbili za alumini za futi 4 kwa 8, nimezilaza kukingama, ila nikapandisha ya nyuma juu ya ya mbele. Tunapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mvua ikatukuta kwenye zile kona, upepo ukasukuma maji yote ndani ya kiungio. Usiku tumelala kwenye godoro linalokamulika. Silikoni haikusaidia kitu, mtikisiko uliibandua. Nikazing'oa, nikaweka nyingine. Sahihi ni karatasi ya mbele ilalie ya nyuma kwa sentimita 10, katikati uweke utepe wa lami, ndipo upige riveti. Pembeni kunja bati lishuke ukutani kama mfuniko wa sufuria. Paa liinamie nyuma kidogo.

5. Hewa. Matundu mawili yenye wavu wa mbu, moja juu, moja usawa wa sakafu. La chini ni kwa ajili ya gesi ya kupikia, maana ikivuja inatambaa chini. Jiko la mkaa lisiingie kabisa, hata mlango ukiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, hutajua.

6. Umeme. Paneli ya wati 100, betri ya volti 12, taa na feni. Fyuzi ikae karibu na betri.

7. Kufunga. Boliti nne kubwa zenye washa pana. Maji na betri viwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

MASWALI

*Mkuu, yangu ni ya kebini mbili, bodi mita 1.5 tu. Inawezekana?*
Inawezekana ukitokeza kitanda juu ya kebini, ila uzito unakwenda juu na upepo unakushika. Ningekuwa wewe ningenunua hema la kufunga kwenye keria.

*Kaka, unakishushaje?*
Kila kona ina soketi ya kuchomeka mguu wa skwea paipu ya inchi 2. Tunainua kwa jeki kona kwa kona, kidogo kidogo, kisha gari linatoka taratibu. Miguu itokeze nje ya upana wa gari, la sivyo utaigonga.

*Trafiki hawasumbui?*
Hakikisha taa za nyuma na namba zinaonekana. Mimi nimekifunga kwa boliti. Ukichomelea kwenye chasi umeshabadilisha umbo la gari, kaulize TRA (mamlaka ya mapato) na watu wa bima kabla hujaanza.

*Yale mabati ya kwanza umeyapeleka wapi?*
Banda la kuku, dada. Huko hayavuji, maana banda haliendi Lushoto.